Kuzunguka Marangu kwa kufuata mfongo

Ukishuka kwenye daladala pale Marangu Mtoni, kijana wa kwanza kukufikia atakuuliza habari za maporomoko. Kinukamori, Ndoro, Kilasiya, kisha mapango ambamo Wachaga walijificha enzi za vita, kisha kahawa ya kutwanga kwenye kinu, kisha mbege, pombe ya ndizi. Ni mzunguko mzuri na sina ugomvi nao. Vijana wale wanaijua kazi yao. Ila mimi nilikuja na hamu nyingine. Nilitaka nitembee kutwa nzima nikifuata maji yasiyoanguka, yale yanayopita ubavuni mwa mlima kwa utaratibu, kwenye mifereji iliyochimbwa kwa mikono kabla Mzungu yeyote hajafika huku na kushangaa. Wenyewe huiita mifongo.

Kijana niliyemweleza hivyo alinitazama kama mtu aliyeagiza chai ya chumvi. "Mfongo? Si mtaro tu ule, kaka?" Lakini hakuwa na roho mbaya. Alinipeleka kwa mjomba wake, mzee aliyekaa miaka mingi kwenye kamati ya mfongo wa kijiji chao, na huyo ndiye aliyenitembeza. Nitamwita Mzee tu, kama nilivyomwita siku nzima. Nilipompa shikamoo aliitikia, akaangalia viatu vyangu, akaridhika, akachukua panga na fimbo, tukaondoka kabla jua halijawa kali.

Kwanza ardhi yenyewe, maana bila kuielewa ardhi huwezi kuuelewa mfongo. Upande huu wa kusini mashariki wa Kilimanjaro umekatwakatwa na makorongo. Mito inashuka kutoka msituni ikielekea tambarare, na kwa kuwa mvua ni nyingi na mteremko ni mkali, kila mto umejichimbia bonde lake lenye kuta zilizosimama. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo, na watu wanaishi mgongoni. Hata umangi wa zamani, yaani utawala wa machifu wa Kichaga, ulifuata sura hii ya nchi: Kilema, Marangu, Mamba, Mwika, kila upande na mangi wake, mpaka umangi ulipofutwa baada ya uhuru. Kwenda juu au chini kwenye mgongo wako mwenyewe ni matembezi. Kwenda kumsalimia shemeji wa mgongo wa pili ni kushuka kwa magoti na kupanda kwa mikono.

Sasa chukulia wewe ndiye uliyefyeka kihamba cha kwanza, shamba la nyumbani la migomba, hapo mgongoni. Mto unausikia. Uko karibu, pengine hauzidi umbali wa kumwita mtu akaitika, lakini umbali wote huo ni wa kwenda chini. Pampu hakuna. Mama ataushuka na mtungi, sawa, maji ya kunywa yatapatikana, lakini migomba hainyweshwi kwa mtungi. Wachaga walilitatua kwa kupanda juu zaidi. Unaufuata mto kuelekea msituni, kilomita kadhaa ikibidi, hadi mahali ambapo kitanda chake kiko juu kuliko shamba unalotaka kulimwagilia. Hapo unajenga banio, kizuizi cha kugeuza maji. Kisha unayatoa maji pembeni na kuyapitisha kwenye ukuta wa korongo kwa mteremko mdogo mno. Mto unakimbilia chini, mfongo unajivuta, na kadiri vinavyokwenda ndivyo vinavyoachana, hadi mfongo unatokeza juu mgongoni huku mto ukinguruma shimoni. Ukisimama ng'ambo ya korongo na kuangalia, utaapa kwamba maji yanapanda mlima.

Tuliukuta mfongo wa kwanza nyuma ya shule, mahali ambapo nisingetazama mara mbili kama ningekuwa peke yangu. Upana wake ni hatua moja ya mtu mzima, kina chake hakifiki gotini, na kingo zake zimeshikwa na magimbi yenye majani makubwa. Maji yalikuwa safi, ya baridi, yanakwenda bila sauti. Mzee alinionyesha jinsi ya kusoma mwendo: aliokota jani la kahawa, akalitupa, akatembea nalo sambamba. Mwendo wa mtu asiye na haraka. "Hapo ndipo fundi amepatia," alisema.

Nikamuuliza walipimaje, maana sehemu nyingine huwezi kuona kwa macho kwamba ardhi inashuka.

"Kwa maji yenyewe. Unachimba kidogo, unayaachia yaje. Yakisimama, umekosea. Yakikimbia, umekosea zaidi."

Zaidi kwa sababu maji yanayokimbia hula udongo. Mfongo ukiwekwa kwa mteremko mkali, masika moja inatosha kuugeuza kuwa korongo jipya, na korongo jipya litaondoka na vihamba vya watu. Anayepeleka maji polepole mno hupata matope na magugu. Anayeyapeleka haraka hupata kesi. Ufundi wote umekaa katikati hapo. Kulikuwa na watu waliojulikana kwa jicho hilo, na waliitwa hata na jirani wa mbali kuja kutafuta njia ya mfongo.

Kwa mwendo wa saa moja hivi njia yetu na njia ya maji zilikuwa moja. Tulipita chini ya miti ya miruka na miringaringa, katikati ya migomba na mibuni, tukapita karibu na majiko ya watu kiasi cha kuonja moshi wa kuni. Kila baada ya nyumba kadhaa kulikuwa na tundu ubavuni mwa mfongo, limezibwa kwa kipande cha mgomba na bonge la udongo wenye nyasi. Hilo ndilo lango la maji la kaya. Zamu yako ikifika unalitoa bonge, unaziba mfongo mkuu kwa mawe na magome ya migomba, na maji yanageukia kwako. Ukimaliza unarudisha kama ulivyokuta. Hakuna kufuli, hakuna mita. Mgomba unafaa kwa kazi hii kuliko saruji: umejaa maji, unajikunja ukafuata umbo la tundu, na ukioza shambani pana mwingine.

Kisha tukafika mahali nilipokuwa napasubiri. Korongo dogo la pembeni linaukata mgongo, kavu wakati wa kiangazi na la hatari wakati wa masika, na mfongo lazima ulivuke. Zamani walilivuka kwa magogo: gogo linachongwa katikati likawa kihori kirefu, linalazwa kwenye nguzo za matawi, ncha mbili zinazibwa kwa udongo na majani ili maji yasichungulie. Gogo moja halitoshi, kwa hiyo linapokezana na lingine angani. Leo hapo pana bomba jeusi la plastiki lililofungwa kwa waya kwenye vigingi, na chini yake, ndani ya magugu, kipande cha gogo la zamani bado kipo. Niliteremka kukigusa. Ndani kumelainishwa na maji, na alama za tezo bado zinasomeka upande wa juu ambako maji hayakufika. Ukipanga magogo ya namna hii juu ya korongo umejenga daraja la maji, kazi ile ile ambayo Warumi waliifanya kwa mawe wakaandikwa vitabuni.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliona. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 akitokea Rabai, kilichoivumisha safari yake ni theluji, na mabwana wa kijiografia kule London walibishana juu ya theluji hiyo miaka kadhaa. Harry Johnston aliyekaa Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884 alikuta mifereji inafanya kazi kila pembe. Hans Meyer alipokuja kupanda Kibo mwaka 1889, kambi yake ilikuwa hapa hapa Marangu, kwa Mangi Marealle. Yaani msafara uliokuwa ukielekea kwenye barafu ulipita kwanza juu ya mifongo. Ninavyoona mimi, waliruka ajabu moja wakikimbilia nyingine. Inakadiriwa kwamba mlima mzima ulikuwa na mifongo ipatayo 1,000, na urefu wake ukiunganishwa unafika kilomita 1,800. Hiyo ni zaidi ya kwenda na kurudi kati ya Moshi na Dar es Salaam, kwa jembe na panga.

Jembe na panga havitoshi lakini, na Mzee alilirudia hili mara nyingi kuliko jambo lolote. Mfongo ni wa watu. Kwa desturi ulikuwa na mwanzilishi, na ukoo wake ndio uliokuwa na sauti ya kwanza juu ya maji. Waliosaidia kuchimba walipata haki kwa jasho lao, na waliokuja baadaye waliomba kwa mbege. Kulikuwa na msimamizi wa kupanga zamu na kamati ya kusikiliza malalamiko. Mashamba yalimwagiliwa mchana. Maji ya usiku, badala ya kupotea, yalikusanywa kwenye bwawa dogo wanaloliita nduwa, na asubuhi lilifunguliwa yakatoka kwa nguvu. Maji ya kunywa yalichotwa alfajiri, kabla ng'ombe hawajaguswa na kabla mtu hajafua.

Na ilikuwepo siku ya msaragambo. Pembe inapulizwa mapema, kila kaya inatoa mtu, mnapanda hadi kwenye banio mkifyeka na kuzoa matope. Asiyekuja na asiye na udhuru analipa: pombe, mbuzi, siku hizi fedha. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye kazi ya mfongo wala kwenye maamuzi yake, ingawa wao ndio waliobeba maji mengi zaidi ya yeyote. Nilimuuliza Mzee juu ya hilo. Alicheka kidogo, akasema wazee waliamini mfongo ungekauka. Kisha akaongeza kwamba sasa kaya nyingi kijijini zinaongozwa na akina mama, wanalipa mchango, na baadhi yao wanakuja wenyewe na majembe, "na haujakauka kwa sababu hiyo".

Umekauka kwa sababu nyingine, na tulianza kuziona tulipopanda zaidi. Mfongo wa pili tulioufuata ulikuwa mkavu. Kitanda chake kipo, kingo zipo, hata mawe ya kugawia maji yapo, lakini ndani kumeota nyasi na njia ya watoto wa shule imepita humo humo. Hapa ndipo mazungumzo ya mjini huanza kusema: theluji ya Kilimanjaro inaisha, basi maji yamekwisha. Barafu inapungua, hilo halina ubishi. Ila sehemu ndogo sana ya maji ya mito hii inatoka kwenye barafu. Yanatoka msituni. Mvua kubwa ya mlima huu hunyesha kwenye ukanda wa msitu, huko juu ya vijiji, na ukungu unaonaswa na miti huongeza yake. Ardhi inayanywa na kuyaachia taratibu kwenye chemchemi. Utafiti uliofanyika mapema miaka ya 2000 uliweka mchango wa ukanda wa msitu kwenye maji ya mlima kuwa asilimia 96. Kwa hiyo anayetaka kulia juu ya maji ya Marangu aangalie miti kabla ya kuangalia kilele.

Mfongo ule mkavu, hata hivyo, haukuuawa na msitu wala na barafu. Kule juu mto wake unatiririka. Uliuawa na msaragambo uliokosa watu. Bei ya kahawa ilianguka, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikiwafanya watu wakimbilie zamu ya maji tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Mabomba yakafika, mama akafungua koki uani, akauona mfongo kuwa wa ng'ombe. Vihamba vikagawanywa kwa watoto hadi vikawa vya kuzungushia nyumba tu, na watoto wenyewe wako Dar, Arusha, Mwanza, wanarudi Desemba. Mtu anayerudi kwa wiki mbili za Krismasi ana harusi za kuhudhuria na makaburi ya kusafisha. Hawezi kuzoa matope ya banio. Nilimwambia Mzee kwamba watu wa Dar wanaweza kutuma pesa za vibarua. Wanatuma, alisema. Lakini kibarua anafyeka anapoonyeshwa na kuondoka. Hamjui anayepata maji baada yake.

Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika karibu na msitu. Migomba ilipungua, ukungu ukaanza kushuka, mbega wakasikika kabla ya kuonekana. Ukanda wa nusu maili kando ya msitu uliwekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1941 ili wanakijiji wapate kuni na majani bila kuingia msitu wa hifadhi. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi wote uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Kwa miti nadhani ilikuwa jambo jema. Kwa mifongo kuna shida yake, kwa kuwa banio nyingi ziko upande wa pili wa mpaka, na kazi iliyokuwa ya kupuliza pembe na kwenda sasa inataka maelewano na askari wa wanyamapori. Tulikaa nje ya mpaka, mahali ambapo mfongo unatoka msituni kwa utulivu kabisa, tukala ndizi za kuchoma na parachichi kwa chumvi. Mzee aliyachota maji kwa kiganja akanywa. Mimi nilikunywa ya chupa.

Kurudi tulishuka kwa mgongo mwingine, ndiyo raha ya mzunguko. Hapa njia inakwenda ukingoni mwa korongo lenyewe na huhitaji mfongo kukushika macho. Kuta zimefunikwa na majani mabichi kiasi kwamba hujui kina chake hadi uone mnyororo mweupe wa maji huko chini kupitia upenyo. Kuna mahali njia inaning'inia juu ya genge na mzee wa miaka sabini na kitu anapita akisimulia habari za ng'ombe, wakati wewe umeshika kila mzizi unaouona. Kilasiya iko kwenye korongo la namna hiyo. Unashuka kwa ngazi za udongo hadi chini na maji yanakupiga usoni kabla hujayafikia. Kinukamori ni rafiki zaidi kwa familia, karibu na Mtoni, na ina hadithi yake: msichana Makinuka aliyepata mimba kabla ya ndoa akaja kujitupa, akabadili mawazo, akageuka kurudi nyumbani, akakutana na chui, akaanguka. Mzee hakuipenda hadithi hiyo. Alisema ni hadithi ya kuwatisha mabinti, na siku nyingine mngetuambia jina la kijana aliyempa mimba.

Tulipokuwa tukishuka tuliongea habari za chini, huko maji yanakoelekea. Mito ya upande huu inakwenda Himo, kisha Ruvu, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani wenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, hadi baharini. Kila tone lililogeuzwa na bonge la udongo huku juu kuna mtu huko chini analihesabu: mkulima wa mpunga, kiwanda, mtambo. Tangu Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ianze mwaka 1991, na hasa baada ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, mifongo inatakiwa kuwa na jumuiya iliyosajiliwa na kibali cha kutumia maji. Mzee hana tatizo na jumuiya. Tatizo lake ni kibali chenyewe: mfongo ambao babu wa babu yake alishiriki kuchimba umepewa namba na kipimo cha lita kwa sekunde. Nilijaribu kutetea bonde. Mtu wa Pangani naye ni mtu, nilisema, na mimi nimetoka Tanga. Alikubali. "Lakini wa Pangani hajawahi kuja kwenye msaragambo."

Kwa mwenye nia ya kuuzunguka mwenyewe, haya ndiyo ya kujua. Kutoka Moshi ni kama kilomita 40 kupitia Himo, na daladala za Marangu hazikosekani. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba: ni kiangazi, njia zimekauka, na ndipo mifongo inapofanya kazi kweli kwa kuwa watu wanamwagilia. Masika ya Machi hadi Mei utaona maporomoko makubwa, lakini udongo mwekundu wa makorongoni unateleza vibaya na mifongo mingi hufungwa kwenye banio ili isibomolewe na mafuriko. Mzunguko kama wetu unachukua saa saba hadi nane ukisimama kuongea na watu, nawe utasimama. Beba sweta, beba chenji ndogo za viingilio vya maporomoko, usiingie ndani ya mpaka wa hifadhi bila kibali. Nenda na mwenyeji, kwa kuwa unapita kwenye vihamba vya watu na mlangoni kwa watu. Ukimpata anayejua mifongo kuliko maporomoko, mlipe vizuri. Na ukikuta tundu limezibwa kwa kipande cha mgomba, usikiondoe ili upige picha. Ni zamu ya mtu.